Kovu Lililokosekana

Tangi lilikuwa fupi na nene, linafika kifuani, na tangu jana lilikuwa limezungushiwa utepe wa polisi kiunoni kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Aliyeuzungusha ni Inspekta mwenyewe. Leo alisimama akiutazama kama mtu anayetazama fundo alilolifunga kwa mkono wake asijue atalifungua vipi.

"Humu ndani mna nini?" aliuliza.

"Nilikueleza jana, Afande."

"Nieleze tena. Jana nilisikiliza kama mtu aliyekuja kukamata."

Kazini walimwita Kwa Nini, tena si kwa mapenzi. Alikuwa na tabia ya kuuliza jambo lilelile mara ya pili, na mara ya pili ndipo watu walipochoka kupamba maneno.

Daktari alivuta kiti akakaa. Ndiye mkuu wa maabara ile, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, na macho yake yalionyesha kwamba usingizi ulimpitia mbali. "Mna mfuko mmoja," alisema. "Mdogo, unaenea kiganjani. Una seli za kinga za mgonjwa aliyelala ghorofa ya juu. Ni zake mwenyewe, tulizichuja kutoka kwenye damu yake. Tukazifundisha kazi, tukazigandisha."

"Kazi gani?"

"Kupeleka mzigo. Zikirudishwa mwilini zinatembea na damu kila mahali. Zikikutana na alama moja tuliyozifundisha kuitambua, zinatengeneza protini na kuimwaga hapohapo. Protini hiyo inayeyusha kovu. Pasipo na alama, zinapita kimya."

"Na alama hiyo iko kwenye mapafu."

Daktari alisita kidogo. "Iko kwenye kovu linalojengwa. Hawa ni wakata mawe, Afande. Wamevuta vumbi tangu ujana. Mwili unajaribu kujiponya, unajenga kovu juu ya kovu, mpaka pafu linakakamaa kama soli ya kiatu. Dawa hiyohiyo ukiichoma kwenye mshipa hivihivi, inasambaa mwili mzima na kuleta balaa. Ndiyo maana tunazituma seli. Zinaifikisha panapoumwa."

"Yule marehemu mikono yake ilikuwa na makovu kila kidole. Mbona hayakuyeyuka?"

"Hayo ya zamani. Kovu la zamani limeshatulia, halina alama tena. Seli zinaona kidonda ambacho bado mwili unakishughulikia."

Inspekta aliitikia kwa kichwa polepole. Marehemu, ambaye kiwanda kizima cha mawe kilimwita Gonga, alipewa mfuko wake kwanza. Siku za mwanzo pumzi ikamfunguka. Akatembea mwenyewe hadi dirishani, akawatania wauguzi kwamba sasa atawakimbiza. Kisha asubuhi moja akatapika damu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho. Walipompasua walikuta tundu kwenye tumbo. Mkewe alikwenda kituoni na kanga yake ya msiba akamtaja Daktari: yule ndiye aliyemuua mume wangu.

Sasa ulibaki mfuko wa mdogo wake. Mwendesha mashtaka alikuwa ameagiza uchukuliwe mchana huu upelekwe kwa mkemia. Ili upimwe lazima uyeyushwe, na ukishayeyushwa haugandishwi tena.

"Huwezi kutengeneza mwingine?" aliuliza Inspekta.

"Angelazimika kulala kwenye mashine ya kuchuja damu nusu siku, halafu asubiri wiki kadhaa. Pumzi aliyo nayo haimfikishi huko." Daktari alijitazama mikono. "Ukienda mfuko huo, ameenda nao. Na mimi siwezi kukuapia kwamba ni salama, kwa sababu sijui kilichomuua kaka yake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Si pingu zako."

*

Daktari wa maiti walimwita Jokofu, na aliitika. Alikuwa mzee mkubwa wa mwili, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekula chakula chake cha mchana palepale mezani kwake bila kuona ajabu yoyote.

"Karibu, binti. Umekuja kwa tundu langu."

"Nimekuja kwa tundu lako, mzee."

Alifuta vidole, akavuta picha kutoka kwenye rundo. "Tazama ukingo wake. Mtu mwenye vidonda vya tumbo vya siku nyingi, ukingo unakuwa mgumu, umeinuka kama mdomo wa chungu. Hilo ni kovu. Mwili hujenga ukuta kuzunguka kidonda. Hapa hakuna. Laini kama ndani ya shavu lako. Basi hiki ni kitu kipya. Kuna kitu alikimeza kikamtoboa."

"Asidi?"

"Ndivyo nilivyoandika. Lakini mkemia amejibu leo: tumboni hamna sumu, na ile chupa ya maziwa aliyoletewa na mkewe haina kitu. Maziwa matupu." Jokofu aliinua mabega. "Nimepasua watu tangu hujazaliwa. Sijaona tundu la namna hii."

 Inspekta alikuwa amefungua mfuko wa vitu vya marehemu na kutandaza koti lake la kazi juu ya meza. Lilikuwa jeupe kwa vumbi la mawe hata kwenye mishono. Alilipekua upya, mshono kwa mshono. Ndani ya mfuko wa kifua vumbi lilikuwa jingi zaidi, limegandamana, lenye vipande vidogovidogo. Aliweka kidogo kwenye karatasi.

"Acha hilo," alisema Jokofu. "Vumbi la mawe. Hao huzikwa nalo."

"Mfuko huu una kifuniko na kifungo. Vumbi la nje halingeingia hivi." Alisogeza karatasi puani. Akanusa. Akanusa tena. "Mzee, kuna jiwe gani linanukia mnanaa?"

Jokofu aliichukua karatasi, akanusa, akatia chembe ulimini kabla hajakatazwa. Uso ukamkunjuka. "Hivi nami ninavyo kwenye droo. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia. Huvitafuna kila mkuu wenu anaponipigia simu."

"Mtu anatafuna vidonge vya kiungulia mpaka mfuko wa koti unajaa unga. Kwa nini?"

"Tumbo linamchoma."

"Na analetewa maziwa baridi kila siku."

"Tumbo linamchoma sana." Jokofu alinyoosha mkono kuichukua tena ile picha, na mkono ukaishia njiani. "Lakini ngoja. Angekuwa na kidonda cha siku nyingi, ningekuta kovu lake. Nimekuambia kovu hakuna."

"Hukulikuta."

"Sikulikuta kwa sababu halipo."

"Dawa aliyopewa ilikuwa ya kufanya nini, mzee?"

 Jokofu alivua miwani akaiacha ining'inie kifuani.

"Kuyeyusha kovu," alisema.

Akainuka kwa wepesi ambao Inspekta hakuutarajia. Daktari alikuwa amempa rangi maalumu, alisema huku akifungua kabati, kwa kuwa zile seli zimewekewa kitambulisho: ukizipaka rangi hiyo na kuziangalia kwa taa yake, zinang'aa kijani. Alizitafuta kwenye mapafu, akazikuta nyingi, zikifanya kazi yake vizuri. Tumbo hakulipaka kitu. "Tumbo lilikuwa la mkemia," alisema kwa uchungu. "Mapafu ya daktari, tumbo la mkemia. Tuligawana maiti kama wachinjaji."

Kazi ya kupaka rangi haikutaka haraka. Inspekta alikaa kwenye kiti cha chuma akiangalia mikono ile minene ikikata kipande chembamba cha nyama iliyohifadhiwa, kinachopenyeza mwanga, ikikilaza juu ya kioo, ikidondosha, ikisuuza, ikidondosha tena. Jokofu alizima taa ya juu. Akainamia hadubini, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasogea pembeni.

Inspekta aliinama. Kwenye giza la duara aliona ukingo wa tundu, na kando yake pote, zimejipanga zimebanana, nukta za kijani. Mbali kidogo na tundu hapakuwa na hata moja.

"Basi tumepata," alisema.

"Tumepata nini?" Jokofu aliwasha taa. "Fikiri kabla hujashangilia, binti. Ukimpelekea mwendesha mashtaka picha hii atasoma jambo moja: seli za Daktari zimetoboa tumbo la mtu. Atauchukua mfuko kwa mikono miwili. Wewe unasema palikuwa na kidonda kinachopona, na seli zikafuata kovu lake. Vizuri. Nionyeshe kidonda cha zamani."

"Vidonge."

"Kiungulia kila mtu anacho. Mimi ninacho, na tumbo langu zima. Mahakamani ningeulizwa: je, ulikiona kidonda kabla ya dawa? Ningesema hapana. Ushahidi wake umeyeyuka." Alimrudishia karatasi yenye unga. "Maiti imemaliza kusema. Tafuta mtu aliye hai."

*

Mdogo wa Gonga alikuwa amelazwa peke yake, amekaa kitako kwa mito mitatu, mrija wa oksijeni puani. Watu wa kiwandani walimwita Mdogo tu, ingawa alikuwa na mabega ya kubeba mlango na mvi pembeni mwa masikio. Alizungumza kwa vipande, akivuta pumzi kati ya maneno kama mtu anayepanda ngazi.

"Afande. Umekuja... kunikamata? Sikimbii... leo."

"Leo nimechoka, ningekuacha ukimbie." Inspekta aliketi. "Nisimulie kaka yako. Kwa nini Gonga?"

Mdogo alitabasamu. "Hajawahi kumruhusu mtu... kupita chini ya jiwe... kabla hajaligonga. Anagonga kwa nyundo ndogo. Mara mbili. Anatega sikio. Jiwe zima linalia... kama kengele. Lenye ufa linalia... kama debe. Akishasikia, ndipo anasema: piteni. Na wa kwanza kupita... ni yeye."

"Kwenye dawa pia alipita wa kwanza."

"Daktari alitaka... nianze mimi. Nilimzidi nguvu kidogo. Kaka akakataa katakata. Akamwambia... mimi ndiye ninayegonga. Tukacheka."

"Daktari aliwauliza maswali siku ile? Kuhusu vidonda?"

"Aliuliza. Una kidonda popote? Kaka akavua shati... palepale. Akageuka mbele na nyuma. Akasema, angalia mwenyewe, Daktari... ukikiona nidai. Hata Daktari alicheka. Ngozi safi." Kicheko kilimgeuka kikohozi, na Inspekta akasubiri. "Kipimo cha kamera ya tumbo... walikiruka. Pumzi yake ilikuwa mbaya. Waliogopa asije akazimia."

"Maziwa alianza lini kunywa?"

Mdogo akamkazia macho. "Nani? Kaka? Sisi nyumba ile... hatunywi maziwa. Mama alitulazimisha... utotoni mpaka tukayachukia. Harufu tu... inatutoa mbio."

"Shemeji yako alimletea chupa kila siku."

"Ilikuwa chai," alisema Mdogo. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Nilidhani... ni chai."

*

Mwishoni mwa ukumbi palikuwa na karo ndefu ya saruji ambapo ndugu wa wagonjwa waliosha vyombo. Mjane alikuwa peke yake, anasugua chupa ya shemeji yake kwa nguvu isiyohitajika. Kupitia dirishani Inspekta aliliona gari la mkemia limeshaingia uani. Dereva alikuwa ameegemea mlango, boksi la barafu miguuni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwanamke hakugeuka. "Mmemkamata?"

"Bado. Ile chupa ya mume wako imepimwa. Haina sumu."

"Nilijua haina. Mimi simpi mtu sumu."

"Sikuwa nafikiri hivyo. Nataka kujua kwa nini mtu aliyeyakimbia maziwa tangu utotoni alikuwa anayanywa kila siku."

"Mgonjwa hunywa anachopewa."

Inspekta aliifungua karatasi ndogo akaiweka kwenye ukingo wa karo. Mjane aliitupia jicho mara moja, akarudi kwenye chupa. Mikono yake haikuwa inasugua tena. Iliishika tu, na maji yakaendelea kumwagika.

"Sikuombi unuse," alisema Inspekta. "Unaijua."

Inspekta aliikunja tena karatasi ile.

"Mama, nisikilize. Zile seli zilikwenda tumboni kwake. Nimeziona kwa macho yangu mawili. Kama tumbo lake lilikuwa zima, basi Daktari ametengeneza kitu kinachokula watu, na lile gari pale nje libebe mfuko wa shemeji yako, ukamwagwe, na iwe hivyo. Lakini kama tumbo lilikuwa na kidonda kinachopona, seli zilifanya kazi ziliyotumwa, mahali ambapo hakuna aliyeambiwa kwamba pana kidonda. Hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza linamzika shemeji yako. La pili linampa nafasi. Maiti haiwezi kunieleza ni lipi. Daktari hajui. Shemeji yako alidhani ni chai."

Mjane alifunga bomba.

"Nikisema," alisema, "nitakuwa mimi ndiye niliyemuua."

 Inspekta angeweza kumwambia si hivyo. Hakuwa na hakika. "Ukisema, utakuwa umesema," alijibu mwishowe. "Hayo mengine sina uwezo nayo."

Mwanamke aliketi kwenye ukingo wa saruji, chupa mapajani. Alipoanza, alisema kwa sauti kavu, kama anayesimulia ya mtu mwingine. Dawa za maumivu ya mgongo ndizo zilizomchoma mume wake tumbo. Alizitafuna miaka kama karanga, kila mkata mawe huzila. Alipoanza kujikunja usiku, walikwenda zahanati ya mbali, si hapa, ili habari zisifike. Wakamwonyesha kidonda. Wakampa dawa, na kikaanza kufunga. Hata siku mbili kabla ya kulazwa alisema, kinapona, mke wangu, kimebaki kama alama ya kidole.

"Nikamwambia mwambie Daktari. Akanishika mkono hapa." Alijishika kifundo cha mkono. "Akasema wakijua, wataniweka kando, na watampitisha kwanza mdogo wangu. Mimi sijawahi kumpitisha chini ya jiwe nisilolisikia, akasema. Si leo. Nikamwapia. Nikawa naleta maziwa naita chai."

"Na ulipomwona anatapika damu?"

"Nilijua saa ileile." Aliinua uso, ulikuwa umesawijika lakini hauna chozi. "Kwa nini unafikiri nilikuja kituoni mbio vile? Kama si Daktari, nani? Niambie wewe. Nani mwingine alikuwa amebaki?"

Inspekta aliketi kando yake kwenye saruji iliyolowa. Suruali yake ya kazi ililowa na hakujali. Walikaa hivyo mpaka muuguzi mmoja akapita na ndoo, akawatazama, akaongeza mwendo.

"Utamwambia mwenyewe," alisema Inspekta, "au nimwambie mimi?"

"Ni shemeji yangu," alisema mjane. "Nitamwambia mimi."

*

Simu ya mwendesha mashtaka ilikuwa fupi. Inspekta alisimama ukumbini, kidole kimoja kwenye sikio la pili.

"Mheshimiwa, gari litarudi tupu... Ndiyo, natambua ulichoagiza... Kwa sababu nina shahidi wa kidonda, nina zahanati iliyokitibu, na nina picha ya hadubini. Mfuko unabaki kwenye tangi chini ya lakiri yangu. Kuufungua leo ni kuharibu kielelezo na kumuua mgonjwa kwa mpigo mmoja... Nitakuja kujieleza. Naam. Hata kwa maandishi."

Alipoingia chumbani, Mdogo alikuwa amegeukia ukutani. Mjane alisimama miguuni pa kitanda, chupa mkononi. Daktari alikuwa karibu na mlango, mgongo kwenye fremu, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mwenye umri wake. Alikuwa ameyasikia yote.

"Sitaki," ukuta uliambiwa. "Ondoeni. Kaka amekufa... kwa ajili yangu. Sasa niingizwe... kilekile kilichomuua? Niacheni nikae."

"Shemeji," alisema mjane.

"Na wewe... ulijua."

"Nilijua."

Hakujitetea. Aliinama, akakunja kidole, akagonga chuma cha kitanda. Mara mbili. Mlio ulipita kwenye fremu yote ukafifia.

"Kaka yako amekwisha ligonga," alisema. "Limelia. Sasa wote tumesikia ufa uko wapi. Alikuwa hajui, sasa tunajua. Kazi aliyokwenda kufanya ameifanya. Utapita, au utakaa chini yake unalia mpaka likuangukie?"

 Bega lile pana la Mdogo lilisogea, na uso ukageuka.

Daktari alikuja kitandani akavuta kiti, karibu kabisa. "Nitakuuliza upya swali lile," alisema. "Makosa ni yangu, niliuliza, nikaonyeshwa ngozi, nikacheka. Leo sitaki kuona ngozi. Una kidonda popote? Nje au ndani. Kipya au kinachopona. Kitu chochote kinachouma ambacho hukuniambia."

Mkono wa Mdogo ulipanda wenyewe mpaka kifungo cha kwanza cha shati. Inspekta aliuona, na mjane aliuona; ilikuwa ileile namna ya familia moja, kifua kikaanza kujitutumua, midomo ikaanza kutafuta mzaha. Kifungo kikafunguka. Kisha vidole vikasimama.

Vikashuka polepole, vikakaa chini ya kifua, juu ya tumbo.

"Hapa," alisema. "Panachoma. Zaidi nikiwa sijala. Zile dawa za mgongo... tulikuwa tunagawana... pakiti moja."

Daktari alifumba macho. Inspekta akashika ukingo wa dirisha. Mfuko ule ulikuwa umepangwa kutundikwa jana. Jana asubuhi. Kilichouzuia ni utepe wake, utepe wa mtu aliyekuja kukamata kabla ya kuelewa, na hakuna akili yoyote aliyoitumia ambayo angeweza kujisifu kwayo.

"Basi haupewi leo," alisema Daktari, na sauti yake ilikuwa imara kuliko uso wake. "Kesho tunapitisha kamera, nitamwita mtu wa usingizi akae kichwani kwako na oksijeni. Tukikikuta, tunakitibu kwanza mpaka kipone kabisa, kovu lake litulie. Seli zitakipita kimya. Mfuko hauharibiki kwenye tangi."

"Na mapafu... yatasubiri?"

"Sijui," alisema Daktari. "Nitayashikilia kwa kila nilicho nacho. Lakini sitakudanganya. Sijui."

Mdogo aliitafakari ile sijui. Pengine aliipima kama kaka yake alivyopima mawe, kwa sikio. Akaitikia kwa kichwa.

Chini uani injini ya gari ilinguruma. Inspekta alitazama dirishani: dereva alikuwa amelirudisha boksi la barafu nyuma, mfuniko wake wazi, ndani hamna kitu. Geti likafunguliwa, gari likatoka. Alibaki na maelezo ya kuandika, na mkuu wa kumkabili, na mjane ambaye sheria huenda ingemhoji, naye Inspekta asijue amweleze nini.

Nyuma yake kulikuwa na mlio wa kifuniko cha chupa kinachofungwa.

"Kesho baada ya kamera," mjane alikuwa anasema, "nitakuletea maziwa baridi."

"Mimi sinywi maziwa, shemeji."

"Hata kaka yako alikuwa hanywi."

Mdogo alivuta pumzi, ikafika alipoweza kuifikisha, akaiachia.

"Basi usiyaite chai," alisema.